Wakazakhi walitoka wapi, na hizi zhuz tatu ni nini?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma udaktari Almaty, mwaka wa tatu, na hosteli nakaa na vijana wawili Wakazakhi. Mmoja ni Naiman wa Zhuz ya Kati, wa pili ni Adai wa Zhuz Ndogo kutoka Mangystau. Nimeona wazee wakikutana nao, hata jina hawajauliza, wanauliza ukoo kwanza. Yule Naiman ananiambia wao ni wajukuu wa Genghis Khan. Yule Adai anasema hapana, wote ni Waturuki, wana wa baba mmoja aitwaye Alash. Nilipotafuta kwenye vitabu vya Kiingereza nikakuta habari za "majeshi matatu" ya Wakazakhi, nikazidi kuchanganyikiwa. Hawa ni kabila moja au matatu? Asili yao ni Waturuki au Wamongolia? Na kwa nini mambo ya kale namna hii yana uzito kwa kijana wa leo?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umelipata kwa kukaa na watu na kuwasikiliza, na Wakazakhi ni watu ambao historia yao iko midomoni mwa wazee kuliko ilivyo kwenye makabati ya nyaraka.

Nikujibu kwa ufupi kwanza. Wakazakhi ni taifa moja. Lugha yao ni ya Kituruki, tawi la Kiqypchaq, ndugu wa karibu wa Kikarakalpaki na Kinogai. Damu yao ni ya wengi: Waturuki, Wamongolia, na watu waliokuwako nyikani kabla ya wote hao wawili. Zhuz si makabila wala majeshi, ni mafungu makubwa ya koo. Na rafiki zako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila yule Naiman kuna jambo moja amelikosea, nitalifikia.

Tuanze na jina lenyewe, kwa maana ndani yake mna nusu ya jibu. Neno *qazaq* ni la zamani kuliko watu wanaoitwa hivyo. Katika Kituruki cha nyikani lilimtaja mtu aliyejitenga na bwana wake, akaondoka na farasi, silaha na wenzake wachache, akaishi huru kwa kutangatanga na wakati mwingine kwa kuvamia. Haikuwa lazima iwe aibu. Babur, aliyekuja kuanzisha dola ya Wamughal kule India, alipopoteza kiti cha Samarkand na kuzurura milimani na watu wake wachache, aliziita siku zile *qazaqliq*, yaani "uqazaq", ilhali hakuwa Mkazakhi hata kidogo. Neno hilohilo lilisafiri magharibi hadi kwa Waslavi wa mito ya Don na Dnieper, wakaitwa Kosaki. Kwa hiyo ukisikia Mkazakhi na Kosaki, jua ni watu tofauti kabisa waliogawana neno moja, na neno hilo maana yake ilikuwa hali ya maisha kabla halijawa jina la taifa.

Ilikuwaje hali ya maisha ikageuka taifa? Katikati ya karne ya 15, nyika kubwa iliyoitwa Dasht-i Qipchaq ilitawaliwa na Abu'l-Khayr Khan, na watu wake waliitwa Wauzbeki. Mwaka 1457 alipigwa vibaya na Waoirati, tawi la Wamongolia, kutoka mashariki, na heshima yake ikashuka. Masultani wawili, Kerei na Janibek, wote wa uzao wa Urus Khan na kupitia kwake wa Jochi mwana wa Genghis Khan, wakaona hawana sababu ya kuendelea kumtii. Wakang'oa mahema yao, wakaondoka na watu na mifugo kuelekea kusini-mashariki, nchi iliyoitwa Moghulistan. Mtawala wa huko, Esen Buqa, aliwapokea vizuri na kuwapa malisho karibu na mto Chu na mahali paitwapo Kozybasy. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu ndani yake, maana alihitaji watu wa kumlinda upande wa magharibi.

Habari hii tunaipata kwa Mirza Muhammad Haidar, mwanamfalme wa ukoo wa Dughlat aliyeandika *Tarikh-i Rashidi* katika miaka ya 1540. Yeye anautaja mwaka 870 wa Hijria, yaani 1465 hadi 1466 kwa hesabu ya Miladi, na ndiyo sababu Kazakhstan iliadhimisha miaka 550 ya dola yake mwaka 2015. Abu'l-Khayr alipofariki mwaka 1468, watu wake walisambaratika na wengi wakawakimbilia Kerei na Janibek. Haidar anakadiria walifika 200,000, na anasema waliitwa "Wauzbeki-qazaq", yaani Wauzbeki waliojitenga. Sehemu ya kwanza ya jina ikapukutika baadaye. Mjukuu wa Abu'l-Khayr, Muhammad Shaybani, akawaongoza waliobaki kusini hadi wakaitwaa Samarkand, na huko jina la Uzbeki likatulia juu ya wakulima na watu wa mijini.

Nataka uione vizuri picha hiyo, maana hapo ndipo wengi hupotea. Wakazakhi hawakuzaliwa kwa damu mpya, walizaliwa kwa kuondoka. Asubuhi ya siku ile Kerei na Janibek walipopakia mahema, walioondoka na waliobaki walikuwa na lugha moja, dini moja, na koo zilezile. Hata leo ukikuta Mqongyrat, yaani mtu wa ukoo wa Qongyrat, anaweza kuwa Mkazakhi, Muuzbeki au Mkarakalpaki. Dola ya Khiva, iliyo ndani ya Uzbekistan ya sasa, ilitawaliwa na nasaba ya Qongyrat tangu 1804 hadi 1920. Waqypchaq wako kwa Wakazakhi, Wauzbeki, Wakirgizi na hata Wabashkiri kule milima ya Ural. Wanaiman wako kwa Wakirgizi pia. Koo ni za zamani, mataifa ndiyo machanga.

Sasa koo hizo zenyewe zilitoka wapi? Hapa ndipo swali lako la Waturuki au Wamongolia linapokaa.

Ukipata nafasi, toka Almaty uende mashariki hadi Issyk, ni safari fupi tu. Mwaka 1969 wanaakiolojia walifukua hapo kaburi la mtu wa ukoo wa kifalme aliyezikwa na maelfu ya vipande vya dhahabu, na leo anaitwa Mtu wa Dhahabu. Huyo alikuwa Msaka, na Wasaka kwa kadiri tunavyofahamu walisema lugha ya jamii ya Kiirani. Walifuga katika nyika hiyo karne nyingi kabla ya kusikika Kituruki humo. Kisha mwaka 552 likainuka dola la Waturuki kwenye nyika za Mongolia, likaenea magharibi, na polepole lugha ya nyika nzima ikawa Kituruki. Kufikia karne ya 11 wenye nguvu walikuwa Waqypchaq, ambao jina lao ndilo lililopewa nyika yote.

Mwaka 1219 Genghis Khan akafika Otrar, mji wa mto Syr Darya, na nchi ile ikawa sehemu ya urithi wa mwanawe Jochi. Ila jeshi la Wamongolia lilikuwa dogo ukililinganisha na watu waliotawaliwa. Mwandishi wa Kiarabu al-Umari, aliyefariki mwaka 1349, alieleza kwamba Wamongolia wa upande huo waliishi na Waqypchaq, wakaoana nao, na mwisho wakawa kama watu wa asili moja. Lugha iliyobaki ni ya walioshindwa, na ufalme ulibaki kwa walioshinda. Ndiyo maana kwa karne nyingi mtu asiye wa uzao wa Genghis hakuweza kuitwa khan, hata akiwa shujaa namna gani, na khan huyo alitoa amri zake kwa Kituruki.

Kwa hiyo ukilisikiliza orodha la koo za Wakazakhi, unasikia karne zote hizo zikipita. Qypchaq na Qangly ni majina ya Waturuki wa kabla ya Wamongolia. Naiman lilikuwa taifa lenye nguvu upande wa milima ya Altai, tena na Wakristo wa Kinestori miongoni mwao, kabla Genghis hajawavunja mwaka 1204. Zhalaiyr na Qongyrat yanatajwa sana katika habari za Wamongolia, na Börte, mke mkuu wa Genghis, alikuwa binti wa Qongyrat. Dulat ni walewale Dughlat wa Mirza Haidar niliyemtaja juu. Kila jina lilikuwa na maisha yake marefu kabla ya kuingia katika Ukazakhi.

Wewe ni mwanafunzi wa udaktari, kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume tu, haikutishi, kwa hiyo niongeze hili. Wanaume wa Kazakhstan wamepimwa sana, na matokeo yanakubaliana na hayo. Miongoni mwa watu wa ukoo wa Argyn wengi wana tawi la kromosomu hiyo liitwalo G1, ambalo jamaa zake wako zaidi upande wa Iran. Miongoni mwa Wanaiman kumeenea tawi la O, la Asia ya Mashariki. Waqypchaq wengi wana R1b. Zhuz Ndogo wamejaa C2. Na kuna lile tawi lililotangazwa mwaka 2003 kuwa la Genghis Khan, linalobebwa na takriban asilimia 8 ya wanaume wa eneo kubwa la Asia: kwa Wakazakhi limejaa zaidi kwa Wakerei (ukoo, si yule sultani Kerei), watu ambao nasaba yao ya mdomo haidai hata mara moja kutoka kwa Genghis. Baba mmoja wa Wakazakhi wote, kwa maana ya kibiolojia, hayupo.

Hata hivyo usiende hosteli ukamwambia yule Adai kwamba Alash ni uongo. Hebu kwanza nikueleze zhuz.

Wasimulizi wanasema Alash alikuwa na wana watatu, Aqarys, Bekarys na Zhanarys. Mkubwa akazaa Zhuz Kubwa, *Uly zhuz*. Wa kati akazaa *Orta zhuz*. Mdogo akazaa *Kishi zhuz*. Katika Kikazakhi neno *zhuz* lina maana ya mia, na wako wanaosema hapo mwanzo zilikuwa mia za askari. Wengine wamelihusisha na neno la Kiarabu *juz'*, sehemu, ambalo sisi Waswahili tunalo katika "juzuu". Mimi naelemea maana ya sehemu au upande, kwa sababu ndivyo zhuz zilivyofanya kazi. "Jeshi" ulilolikuta vitabuni limetokana na Warusi kutafsiri zhuz kuwa *orda*, neno ambalo kwa asili ni kambi au ikulu ya khan, na Wazungu wakalisikia kama kundi la wavamizi. Likatae tu.

Ramani ndiyo inayoeleza zhuz vizuri kuliko hekaya. Mfugaji wa nyika hahami ovyo. Ana njia yake ya mwaka: mahali pa baridi penye kinga ya upepo, na mahali pa kiangazi penye majani, na kati yake safari inayoweza kupita kilomita mamia. Nchi ya Wakazakhi ina mizunguko mitatu mikubwa ya namna hiyo. Kusini-mashariki, Zhetisu, yaani "mito saba", ng'ombe na kondoo hupanda milimani wakati wa joto na kushuka mabondeni wakati wa baridi. Hapo ni Zhuz Kubwa. Katikati, watu walikaa baridi karibu na Syr Darya au mto Chu, kisha wakapanda kaskazini hadi Sary-Arka, nyika ya manjano, karibu na mito Ishim na Tobol. Hao ni Zhuz ya Kati. Magharibi, kati ya Aral, Caspian na mto Ural ambao wenyewe huuita Zhaiyq, ni Zhuz Ndogo. Watu wanaotumia visima na vivuko vilevile kila mwaka lazima wapatane juu ya zamu, mashahidi na fidia, na mapatano hayo ndiyo uti wa mgongo wa zhuz. Nyaraka za Kirusi zinaanza kuzitaja mwanzoni mwa karne ya 17, yaani zaidi ya miaka 100 baada ya Kerei na Janibek.

Ukubwa na udogo nao usikudanganye. Ni wa kaka na mdogo mtu, nani akae wapi katika baraza, nani apewe nyama ya kwanza. Kwa idadi, mwishoni mwa karne ya 19 Zhuz ya Kati ndiyo ilikuwa na watu wengi kuliko zote, na Zhuz Kubwa ndiyo iliyokuwa na wachache.

Katika Zhuz Kubwa utakutana na Dulat, Alban, Suan, Zhalaiyr, Shapyrashty, Ysty, Oshaqty, Sirgeli, Qangly na wengineo. Rais wa kwanza, Nursultan Nazarbayev, ni Mshapyrashty. Zhuz ya Kati ina koo kubwa sita: Argyn, Naiman, Kerei, Qypchaq, Qongyrat na Uaq. Mshairi Abai Qunanbaiuly, aliyeishi 1845 hadi 1904 na ambaye picha yake bila shaka unaipita kila siku mjini, alikuwa wa Tobyqty, mlango wa Argyn. Zhuz Ndogo ina mafungu matatu: Alimuly, Baiuly na Zhetiru. Adai wa rafiki yako wamo katika Baiuly.

Nataka nikae kidogo kwenye hilo fungu la Zhetiru, kwa kuwa limenifundisha zaidi kuliko hekaya zote. Maana yake ni "koo saba": Tabyn, Tama, Zhagalbaily, Teleu, Kerderi, Kereit, na moja iitwayo Ramadan, jina ambalo Mswahili yeyote hulitambua. Masimulizi yaliyoandikwa na Warusi yanasema saba hizi zilikuwa koo ndogo na dhaifu, kila moja ikionewa na majirani wake wakubwa, mpaka Tauke Khan, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18, alipoziunganisha kuwa fungu moja lenye sauti yake barazani. Yaani tunaujua udugu wao ulivyofungwa, na nani aliyeufunga. Lakini leo mtu wa Tabyn na mtu wa Tama wanaitana ndugu, na wanamaanisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, naamini, kwa taifa zima. Watu wa nyikani walipofanya mkataba hawakuandika vifungu, waliandika nasaba. Kusema "baba zetu walikuwa wana wa Alash" ilikuwa njia ya kusema hatutaibiana farasi, tutalipana damu kwa kiwango kimoja, na adui akija tutapanda pamoja. Nasaba hiyo huitwa *shezhire*, kutoka Kiarabu *shajara*, mti. Rafiki yako Adai anapomtaja Alash anataja mkataba huo, na mkataba huo ni wa kweli kabisa. Mwaka 1917, dola ya Urusi ilipovunjika, wasomi wakiongozwa na Alikhan Bukeikhanov na Akhmet Baitursynov walipounda serikali ya Wakazakhi wote, waliiita Alash Orda, na kila mtu nyikani alielewa bila kufafanuliwa.

Kila ukoo ulikuwa na vitu vyake vya kujitambulisha. Mlio wa vita, *uran*, mara nyingi ni jina la shujaa wa ukoo: Waargyn walipaza "Aqzhol!", Wanaiman "Qaptagai!". Chapa ya mifugo, *tamga*: ya Argyn ni duara mbili kama macho, ya Qypchaq ni mistari miwili iliyosimama, nao huiita alifu mbili. Kuna na msemo wa wazee usemao Zhuz Kubwa wape fimbo wachunge, Zhuz ya Kati wape kalamu waamue mashauri, Zhuz Ndogo wape mkuki wakabili adui. Utausikia. Kila zhuz ilikuwa pia na kadhi wake mkuu aliyesifika zama za Tauke: Töle bi, Qazybek bi na Äiteke bi, na majina yao yako kwenye mitaa ya Almaty. Huenda unakaa karibu na mmoja.

Wako pia walio nje ya zhuz zote tatu, na hawa ndio wanaomhusu rafiki yako Naiman. Wa kwanza ni *Töre*, uzao wa Genghis kupitia Jochi. Waliitwa mfupa mweupe, na watu wengine wote mfupa mweusi. Makhan walitoka kwao tu: Qasym, Tauke, Abulkhair (si yule wa karne ya 15) aliyeapa utii kwa Urusi mwaka 1731, Ablai aliyefariki 1781, na Kenesary aliyepigana na Warusi tangu 1837 hadi 1847. Hata mwanachuoni Shoqan Valikhanov, aliyekusanya shezhire nyingi katika maisha yake mafupi yasiyofika miaka 30, alikuwa Töre. Wa pili ni *Qozha*, wanaojinasibisha na Waarabu walioleta Uislamu, wengine hadi kwa Sayyidna Ali. Jina lao na lile la Makhoja wa pwani yetu yametoka neno moja la Kiajemi, *khwaja*, ingawa jamii zenyewe hazihusiani, na nafasi yao inafanana zaidi na ya masharifu wa Lamu. Wa tatu ni *Tölengit*, uzao wa walinzi na watumishi wa Töre, wengine mateka wa Waoirati.

Basi Naiman hawezi kuwa mjukuu wa Genghis kuumeni. Baba zake ni wale aliowapiga mwaka 1204. Lakini usimwambie kwa ukali, maana kikeni kila kitu kinawezekana, na hapo ndipo penye jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari za watu hawa.

Mkazakhi haoi mtu wa kuumeni mpaka wapite vizazi saba. Huitwa *zheti ata*, baba saba. Ndiyo sababu mtoto hufundishwa majina saba, baba, babu, na kupanda, na asiyeyajua husemwa kuwa hakulelewa. Wazee wanapowauliza vijana wako "Ruyng kim?", ukoo wako upi, mara nyingi wanahesabu kimya kimya nani anaweza kumwoa nani. Fikiria sheria hiyo ikitekelezwa miaka 500. Jirani zako wa kambi ni ndugu zako, kwa hiyo mke lazima atoke mbali, ukoo mwingine, pengine zhuz nyingine. Kuumeni kila ukoo ulibaki na alama yake, ndiyo G1 na O na R1b nilizokutajia. Kikeni wote wakachanganyika. Ukipima kromosomu nyingine zote, Wakazakhi wa magharibi na wa mashariki wanafanana kwa kiasi kinachoshangaza kwa nchi ya kilomita za mraba milioni 2.7. Na lugha ni hivyohivyo: mtu wa Caspian na mtu wa Altai wanaelewana bila shida, lahaja zinatofautiana kidogo tu. Mama walihama na lugha yao.

Kwa hiyo Mkazakhi ana jamaa za aina tatu: wa kwao, wa ujombani *naghashy*, na wakwe *qaiyn*. Mpwa, *zhien*, akienda kwa wajomba zake kuomba kitu, desturi inasema asinyimwe mpaka mara tatu. Wewe uliyelelewa kwetu utalielewa hilo upesi kuliko Mzungu.

Utawala wa Urusi nitaupita haraka. Uliondoa cheo cha khan katika Zhuz ya Kati mwaka 1822 na katika Zhuz Ndogo mwaka 1824, ukakata njia za malisho kwa ngome na mashamba ya walowezi, na ukawanyima watu hata jina. Kwa kuwa Kosaki walikuwa wameshalichukua, Wakazakhi wakaitwa "Wakirgizi", na Wakirgizi wenyewe wakaongezewa sifa ili watofautishwe. Ukisoma kitabu cha kabla ya 1925 kinachosema Kirgizi, chunguza sana, mara nyingi anayezungumzwa ni Mkazakhi. Mwaka huo ndipo jina lao liliporudi rasmi. Tahajia ya Kirusi yenye "kh" mwishoni ikaja mwaka 1936, na ndiyo tuliyoirithi.

Lile ambalo siwezi kulipita haraka ni njaa. Mwaka 1928 Wasovieti walinyang'anya mali ya wenye mifugo wapatao 700 na kuwahamishia mbali, kisha wakawalazimisha wafugaji wote kukaa mahali pamoja na kukabidhi wanyama. Kati ya 1930 na 1933 walikufa watu wapatao milioni 1.5, na takriban milioni 1.3 kati yao walikuwa Wakazakhi, yaani zaidi ya theluthi ya taifa. Mamia ya maelfu walivuka mipaka kwenda China, Uzbekistan, Turkmenistan na kwingineko. Sensa ya 1959 iliwakuta wakiwa asilimia 30 tu katika jamhuri yenye jina lao. Leo wanapita asilimia 70 katika nchi ya watu milioni 20, na tangu 1991 zaidi ya milioni moja wamerudi kutoka ng'ambo. Kwa wengi wanaorudi, kitu cha kwanza kinachowafungulia mlango ni shezhire: jina la babu wa sita likilingana, mgeni anakuwa ndugu kabla chai haijapoa.

Umeniuliza kwa nini mambo haya bado yana uzito. Waombe rafiki zako, kwa adabu na kila mmoja peke yake, wakutajie baba zao saba. Kijana wa umri wao, jina la tatu kwa kawaida ni la mtu aliyekuwa mtoto au kijana wakati wa njaa ile. Wengi waliokolewa na vituo vya yatima, na huko karani aliandika jina na mwaka wa kuzaliwa alivyokisia. Akitaja yote saba bila kusita, msikilize jinsi anavyoyataja. Na akifika la nne akanyamaza, usimharakishe, mmiminie chai.